COP: Congo iko na sauti, lakini dosie ya Kalehe iko wapi?

Kila mwaka, karibu na mwezi wa Novemba, wajumbe wa inchi karibu 200 wanakutana kwa wiki mbili kuzungumuzia mabadiliko ya hali ya hewa. Mukutano huo unaitwa COP. Mu 2021 ulifanyika ku Glasgow, 2022 ku Sharm el-Sheikh, 2023 ku Dubai, 2024 ku Baku, na 2025 ku Belém, inchini Brazil. Kila mara Congo inatuma ujumbe wake, na kila mara redio zinatangaza ahadi za mamilioni na mamiliari ya dola. Na kila mara wakaaji wa milima na wa kando ya maziwa wanauliza swali moja: ile feza inapitaka wapi?

Swali hilo ni la haki. Watu wengi wanajibu haraka: "Wazungu wanatudanganya", ao "Wakubwa wa Kinshasa wanaikula". Majibu yote mbili yako na sehemu ya kweli, lakini hayaeleze kila kitu. Mutu akifuata historia ya mazungumzo haya, anaona jambo lingine. Inchi maskini zimejua kushinda ndani ya chumba cha mazungumzo. Kile kinakosekana mara mingi ni kazi yenye inapaswa kufanyika kwao nyumbani, mbele ya mukutano na nyuma yake: kupima, kuhesabu, kuandika.

Namna inchi ndogo inasimamisha wakubwa

Mu COP hakuna kupiga kura. Tangu Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya hali ya hewa yalipopitishwa mu 1992, inchi hazikusikilizana hata siku moja juu ya kanuni ya kura. Kwa hiyo kila uamuzi unapita ikiwa hakuna inchi inasimama kuukataa. Hapo kisiwa chenye wakaaji elfu kumi kinaweza kuzuia karatasi yenye Marekani, China na Ulaya wamekwisha kukubali.

Jambo hilo lilionekana wazi ku Copenhagen mu 2009. Wakubwa wachache walijifungia na kuandika mapatano yao, kisha wakayaleta kwa wengine usiku. Kundi la inchi zinazoendelea, lenye linaitwa G77, wakati ule lilisemewa na Musudani Lumumba Di-Aping, mutu mwenye jina ambalo kila Mukongomani analijua. Yeye na wajumbe wa inchi zingine kama Tuvalu, Bolivia na Venezuela walikataa. Mwisho, mukutano "ulitambua" tu karatasi ile, haukuipitisha.

Lakini inchi moja maskini ikikaa peke yake inachoka upesi. Mazungumzo yanaendelea mu vyumba vingi kwa wakati mumoja, na mu vikao vidogo hakuna watafsiri: watu wanasema Kingereza tu. Mujumbe mwenye alisoma kwa Kifaransa anaweza kukaa usiku muzima akipigania koma moja mu luga yenye si yake. Ndiyo maana inchi zinajiunga. G77 iko na inchi zaidi ya 130, pamoja na China. Kundi la Afrika liko na inchi 54. Kundi la inchi maskini zaidi liko na zaidi ya 40. Kundi la visiwa vidogo liko na 39. Congo iko mu G77, mu kundi la Afrika na mu kundi la inchi maskini zaidi. Kila kundi linachagua wasemaji wake, na hao wanagawana vyumba.

Miaka 31 ya kuomba kitu kimoja

Mufano wenye kuonyesha nguvu ya umoja huo, na pia upole wake wa kutembea, ni mufuko wa "hasara na uharibifu".

Mu 1991, mbele hata ya Mapatano kusainiwa, Vanuatu, inchi ya visiwa mu Bahari ya Pasifiki, ilipendekeza kitu chepesi kuelewa: inchi zenye viwanda zichange feza mu mufuko, na mufuko huo ulipe visiwa vyenye bahari inakula. Wazo lilikuwa kama lile la asiransi. Inchi tajiri zilikataa. Ziliogopa neno moja: kulipa deni. Mutu akikubali kulipa hasara, ni kama anakubali kama yeye ndiye aliisababisha.

Kwa miaka mingi inchi tajiri zilikubali kuzungumuzia mambo mawili tu: kupunguza moshi, na kusaidia watu wajizoeze na hali mupya. Lakini kuna vitu ambavyo mutu hawezi kujizoeza navyo. Nyumba ikienda na maji, imeenda. Shamba likifunikwa na mawe, halilimwe tena. Inchi zinazoendelea zilirudilia jambo hilo kila mwaka. Mu 2013, ku Warsaw, zilipata biro na mupango wa kazi bila feza. Mu 2021, ku Glasgow, ziliomba mufuko, zikapewa "mazungumzo".

Mwaka wenye kufuata, mafuriko yaliua watu zaidi ya 1.700 inchini Pakistan, na Pakistan ndiyo ilikuwa inaongoza G77 mwaka ule. Ku Sharm el-Sheikh kundi zima lilisimama mustari mumoja. Inchi tajiri zilijaribu kutenganisha maskini zaidi na wengine, lakini hazikuweza. Asubui ya tarehe 20 Novemba 2022, mufuko ulikubaliwa. Kutoka 1991 mupaka 2022 ni miaka 31. Mutoto mwenye alizaliwa siku Vanuatu inaomba alikuwa amekwisha kuwa mutu muzima.

Kiti cha Congo ku meza

Mu historia hiyo Congo haikuwa mutazamaji. Mukongomani Tosi Mpanu Mpanu aliongoza wajumbe wa Afrika mu miaka ya mukutano wa Durban wa 2011. Mu 2016 aliongoza kundi la inchi maskini zaidi. Kisha alisimamia kamati ya sayansi na tekiniki ya Mapatano yenyewe. Mu Oktoba 2022, mukutano wa kutayarisha COP27 ulifanyika ku Kinshasa.

Neno lenye serikali inatumia ni "inchi-suluhisho". Sababu ziko wazi. Pori la bonde la Congo ni la pili kwa ukubwa mu pori za joto duniani, nyuma ya Amazon, na karibu 60% yake iko Congo. Mu Cuvette Centrale, kati ya Congo hizi mbili, kuna udongo mweusi wenye kujaa maji, wenye wanasayansi wanaita turbieri. Ndani yake mumefungwa kaboni karibu tani miliari 30. Ukiukausha, kaboni hiyo inapanda hewani. Kwa upande mwingine, Afrika yote pamoja inatoa chini ya 4% ya moshi wenye kuharibu hali ya hewa ya dunia.

Kwa hiyo Congo inasema: tunawalindia pori, mutulipe. Ku Glasgow, Raisi Félix Tshisekedi alisaini mapatano ya miaka 10 na mupango wa CAFI, wenye inchi za Ulaya na zingine zinachanga, na dola milioni 500 ziliahidiwa kwa miaka 5 ya kwanza. Ku Belém, Brazil ilianzisha mufuko mwingine, wenye unaitwa TFFF, wa kulipa karibu dola 4 kila mwaka kwa kila hektari ya pori lenye linasimama. Congo ni moja ya inchi zenye zilisaidia kuutayarisha.

Ila sauti ya Congo iko na pasuko, na wengine wanaisikia. Mu Julai 2022, miezi 8 tu nyuma ya Glasgow, serikali ilitangaza kuuzisha bloku 27 za petroli na 3 za gazi. Bloku zingine ziligusa turbieri, zingine ziligusa Parke ya Virunga. Ku mukutano wa Kinshasa, Waziri wa Mazingira Eve Bazaiba alijibu wachambuzi kama watu wanahitaji hewa ya kupumua, lakini wanahitaji pia mukate. Jibu hilo liko na uzito: hakuna mutu anayeweza kuambia mama wa Goma mwenye kupika na makala aache makala, bila kumupa moto mwingine. Mu Oktoba 2024 uuzishaji wa bloku 27 ulifutwa, kisha mu 2025 serikali ikafungua bloku zingine, nyingi kuliko za kwanza. Mulipaji akiona hivyo, anapata sababu ya kushika feza yake.

Ahadi kubwa, mufuko mudogo

Inchi tajiri nazo ziko na pasuko lao. Ku Copenhagen ziliahidi dola miliari 100 kila mwaka, kufikia 2020. Hesabu hiyo ilifikiwa mu 2022, miaka miwili nyuma ya wakati. Tena sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Inchi inapata feza ya kujenga ukuta wa muto, kisha inairudisha na faida: muzigo wa mwenye hakuchoma.

Ku Baku, mu 2024, inchi zinazoendelea ziliomba dola miliari 1.300 kila mwaka. Wajumbe wa inchi maskini zaidi na wa visiwa walifika kutoka ndani ya chumba kwa hasira. Walirudi, na mwisho waliondoka na ahadi ya miliari 300 kila mwaka, yenye itafikiwa mu 2035. Mujumbe wa India alisimama kuikataa, lakini nyundo ilikuwa imekwisha kupigwa.

Mufuko wa hasara na uharibifu uko chini zaidi. Ulifunguliwa siku ya kwanza ya COP28, ku Dubai. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitoa dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Marekani milioni 17,5. Ukijumlisha ahadi zote za dunia tangu siku ile, hazijafika miliari 1. Kwa kulinganisha, Congo peke yake iliandika mu mupango wake wa 2021 kama inahitaji dola zaidi ya miliari 48 mupaka 2030. Na mu Machi 2025 Marekani iliondoka mu baraza lenye kuongoza mufuko huo.

Hapa wanaosema "tumedanganywa" wako na haki. Deni liko, na mwenye deni anavuta miguu. Lakini hata feza hiyo kidogo, nani ataipata? Hapo ndipo Kalehe inaingia.

Kalehe: maji yalipita, hesabu ikakosekana

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kali ilinyesha mu teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ilijaa, mawe na potopoto vikashuka mulimani, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafagiwa mupaka mu ziwa. Miili zaidi ya 400 ilizikwa. Maelfu walitangazwa kama hawakuonekana. Serikali iliweka siku ya maombolezo ya taifa, tarehe 8 Mei. Wiki ileile, ngambo ya ziwa, watu zaidi ya 130 walikufa Rwanda.

Kundi la wanasayansi lenye linaitwa World Weather Attribution linafanya kazi moja: kuangalia musiba na kusema ni kiasi gani mabadiliko ya hali ya hewa yaliuongeza. Lilifanya hivyo kwa Pakistan mu 2022, na jibu lake lilitajwa mara mingi na wale walikuwa wanadai mufuko. Mu 2023 liliangalia pia mafuriko ya kandokando ya Ziwa Kivu. Jibu lilikuwa: hatuwezi kusema. Si kwamba mabadiliko ya hali ya hewa hayakuhusika. Ni kwamba vipimo vya mvua vyenye kutosha havikupatikana. Hesabu za satelaiti hazikusikilizana, na chini ku udongo vyombo vya kupima vilikuwa vichache sana.

Jambo hilo linapaswa kuumiza kila mutu mwenye kufuata mikutano hii. Pakistan ilikuja ku meza na maiti na hesabu. Kalehe ilikuja na maiti tu.

Kuna wenye kusema kama kuomba hesabu kwa maskini ni mutego: mwenye kuchoma nyumba anamuuliza mwenye kuunguliwa alete risiti ya vyombo. Neno hilo si la kutupa. Baraza la mufuko liko na viti 26, na 14 ni vya inchi zinazoendelea. Hao walipigana ili masharti yasikuwe magumu kama ya mifuko mingine. Lakini hata sharti likiwa jepesi, dosie inapaswa kusema ni vijiji gani, nyumba ngapi, mashamba kiasi gani, na kwa nini musiba ule si wa kawaida.

Tena kweli ingine inapaswa kusemwa. Mvua si yenyewe peke yake iliua watu wa Kalehe. Milima ilikwisha kunyolewa miti. Nyumba na soko vilijengwa mu njia ya muto, sababu vita vilisukuma watu kando ya barabara na ziwa, na hakuna kiongozi aliwaonyesha fasi ingine. Dosie ya kweli itaandika sababu zote mbili, ile ya dunia na ile ya inchi. Ikificha moja, mulipaji ataifunua.

Nani anaandika?

Ku Belém, mufuko wa hasara na uharibifu ulitangaza mwito wake wa kwanza: dola milioni 250, kwa mipango ya kati ya milioni 5 na 20. Nusu, kwa uchache, ni ya inchi maskini zaidi na visiwa vidogo. Mulango wa kupokea dosie ulipangwa kufunguliwa mu Desemba 2025, kwa miezi 6. Ni feza kidogo kwa dunia nzima. Lakini dola milioni 20 mu teritware moja inaweza kuhamisha vijiji, kujenga kuta za mito na kuweka vyombo vya kutangaza hatari mbele ya maji kufika.

Dosie hiyo raia hawezi kuituma peke yake. Inapita kwa serikali, ku Kinshasa. Na mbele ya Kinshasa, inapaswa kuanzia mahali maji yalipita: shefu wa kijiji mwenye anajua majina, mukulima mwenye anajua mipaka ya shamba, biro ya teritware. METTELSAT, ofisi ya inchi ya kupima hali ya hewa, inapaswa kuleta mvua. Tangu mwanzo wa 2025 vita vilifika Goma, Bukavu na barabara ya Kalehe, na njia ya karatasi kutoka kijiji mupaka Kinshasa imekuwa ngumu zaidi kuliko njia ya gari. Watu wenye maji yaliwatoa mara ya kwanza, risasi zimewatoa mara ya pili.

Kwa pori ni vilevile. Mufuko wa Brazil utapima na satelaiti, na inchi yenye inapoteza zaidi ya 0,5% ya pori kwa mwaka haiingie. Congo imekuwa inapoteza karibu hektari nusu milioni ya pori la asili kila mwaka, juu ya karibu milioni 100. Kwa hesabu ya haraka, iko pale pale ku mustari. Mu Aprili 2022, ripoti ya Inspection Générale des Finances ilionyesha namna mawaziri kadhaa walitoa ruhusa za kukata miti bila kufuata sheria. Kusema "inchi-suluhisho" ku Belém hakutoshi, ikiwa ruhusa zinatoka hivyo ku Kinshasa. Kanuni ya mufuko ule inasema kama 20% ya malipo inapaswa kufikia wenyeji na jamii za pori. Wao pia watahitaji orodha, mipaka na konti zenye kueleweka, la sivyo 20% itabaki mu semina za hoteli.

Vitu vya kuangalia

Mu miezi yenye kuja, raia na mashirika ya raia wako na maswali matatu ya kuuliza viongozi wao, bila matusi na bila kuogopa. La kwanza: Congo imetuma dosie gani ku mufuko wa hasara na uharibifu, na ni ya teritware gani? La pili: vyombo vipya vya kupima mvua vimewekwa wapi mu Kivu na Tanganyika tangu Kalehe, na nani anaandika hesabu yake kila asubui? La tatu: nani anashika orodha ya waliokufa na ya mashamba yaliyopotea, na orodha hiyo inaweza kusomwa na watu wa kijiji?

Kuna kazi zenye hazingoje Kinshasa. Chombo cha kupima mvua si kitu cha bei kubwa. Shule, kituo cha afya ao parokia inaweza kukiweka mu kiwanja chake na kuandika mu kaye moja kila siku, saa ileile. Kaye ya miaka mitano ya mulima mumoja ina uzito kuliko hotuba, sababu hakuna mujumbe wa inchi tajiri anaweza kuikatalia usiku kwa Kingereza.

Vanuatu ilikaa miaka 31 ikirudilia neno lake mupaka likaandikwa. Mulango wenye neno hilo ulifungua hautabaki wazi kwa feza yenye haitoshe watu wote. Wenye kufika na hesabu ndio watahudumiwa kwanza.